Picha ya MRI ni safi, mbona mimi bado si mzima?

SWALI

Daktari, habari za kazi. Mimi ni mwalimu wa Kiswahili katika sekondari moja mkoani Morogoro, nina miaka 43, mama wa watoto watatu. Mwezi Juni nilipasuliwa Dar es Salaam kutoa uvimbe kwenye ubongo, upande wa kushoto kwa mbele. Karatasi niliyopewa wakati wa kuruhusiwa imeandikwa meninjioma, “Simpson 2”, na chini yake “gredi 1”, sijui nishike ipi. Septemba nilirudi kupiga MRI, wakaniambia picha ni safi, niko vizuri. Mimi sijioni niko vizuri. Ikifika saa nne asubuhi nimechoka kama mtu aliyetoka kulima. Maneno yananipotea, mengine yanakuja kwa Kiluguru tu. Kelele za watoto zinanipiga kichwani. Kovu linauma karibu kila siku, nameza panadol na diklofenaki, ngozi ya juu imekufa ganzi, na nikitafuna nasikia kitu kinalia “tik” ndani. Nimekuwa na hasira mpaka wanangu wananikwepa. Mama mkwe anasema najidekeza. Natumia levetirasetamu asubuhi na jioni. Vile vidonge vya deksa vya mwanzo vilinipa nguvu sana, naweza kununua tena dukani? Nilichoma sindano ya uzazi wa mpango kwa miaka saba, nasikia inahusiana na uvimbe huu, ni kweli? Januari nataka kurudi darasani. Halafu wiki iliyopita usiku kidole gumba cha kulia na pembe ya mdomo vilichezacheza vyenyewe kama dakika moja, mkono ukabaki mzito nusu saa hivi, nadhani niliulalia. Mwisho, Desemba mdogo wangu anaolewa, naruhusiwa kusuka?

JIBU

Mwalimu, pole sana, na hongera kwa kuvuka. Sitafuata mpangilio wako, kwa sababu jambo kubwa kuliko yote umelichomeka mwishoni, katikati ya Januari na kusuka.

Sidhani kama uliulalia mkono. Mkono uliolaliwa hufa ganzi, unachomachoma, ukiukung'uta unarudi. Hauchezi wenyewe, na hauuburuti mdomo pamoja nao. Kwenye ubongo, sehemu inayoendesha kidole gumba na ile inayoendesha uso zimepakana kama nyumba mbili zenye ukuta mmoja, na za upande wa kulia wa mwili ziko kushoto, huko huko ulikopasuliwa. Bila kukuona siwezi kuapa, lakini maelezo yako ni ya kifafa cha sehemu moja ya ubongo, kile ambacho mtu hapotezi fahamu. Ule uzito uliobaki baadaye nao una jina: kupooza kwa Todd, kutokana na Robert Bentley Todd, daktari wa karne ya 19. Huisha wenyewe, kwa kawaida ndani ya dakika au saa chache.

Neno kifafa lina uzito wake mitaani kwetu, najua. Halimaanishi kwamba uvimbe umerudi, halimaanishi umerogwa, na povu la mwenye kifafa haliambukizi mtu. Ubongo ukiguswa hubaki na kovu, na kovu linaweza kutoa cheche miezi kadhaa baada ya upasuaji. Ndiyo sababu ulipewa levetirasetamu, dawa ya kuzuia kifafa.

Kwa hiyo usisubiri tarehe yako ya kliniki. Piga simu wiki hii, au nenda. Kabla ya kwenda, kaa chini ujiulize kwa ukweli: siku mbili tatu kabla ya usiku ule, uliruka dozi? Dawa ilikuwa imeisha, ukasubiri mshahara? Ulikesha msibani? Ulikuwa na homa? Kuruka dozi na kukosa usingizi ndizo sababu mbili ninazozikuta mara nyingi kuliko zote, na zote mbili zina dawa rahisi. Ukisahau kidonge na ukakumbuka saa chache baadaye, kimeze. Ukikumbuka wakati wa dozi inayofuata, meza hiyo moja tu, usizidishe. Na jitahidi uwe na akiba ya wiki mbili nyumbani, maana duka la dawa kuishiwa ni jambo la kawaida.

Mwambie mume wako, au mtoto mkubwa, kwamba ikitokea tena achukue simu arekodi video, huku akitazama saa. Video ya sekunde arobaini inamsaidia daktari kuliko maelezo ya nusu saa. Ikisambaa mwili mzima ukapoteza fahamu, wakulaze ubavu, wasitie kijiko wala kidole mdomoni, wasikushikilie kwa nguvu. Ikipita dakika tano bila kukoma, au ikirudi kabla hujazinduka, ni hospitali moja kwa moja. Hali kadhalika mkono ukipoteza nguvu na usirudi.

Mpaka hili litulie, usiendeshe gari wala pikipiki, na bodaboda ziache hata kama abiria. Panda daladala au bajaji. Usipikie jiko la mkaa la chini ukiwa peke yako. Majeraha mabaya zaidi niliyoyaona kwa wenye kifafa hayakutokana na ubongo, yalitokana na moto na uji wa moto. Bafuni usifunge kwa komeo.

Sasa karatasi yako. Namba hizo mbili hazigombani, zinajibu maswali mawili. Mwaka 1957 daktari wa upasuaji Donald Simpson alipanga ngazi tano za kueleza ni kiasi gani cha meninjioma, yaani uvimbe unaoota kwenye utando unaofunika ubongo, kimetolewa. Ngazi ya 2 maana yake uvimbe wote ulioonekana umetoka, na pale ulipojishikiza kwenye utando wa ubongo pamechomwa badala ya kukatwa na kuondolewa. Gredi 1 ni kauli ya maabara, ya mtu aliyeangalia kipande kwenye darubini: huu ni ule unaokua polepole, usiosambaa kama saratani. Kwa namba zote mbili, ndogo ndiyo nzuri. Zako ni nzuri. Kwa vile mzizi umechomwa na haukukatwa, utaendelea kuitwa kupiga picha kwa miaka, kwa kawaida mara moja kwa mwaka mwanzoni. Usitishike ukiitwa. Na vibati vidogo vilivyoshika mfupa wako, kama ni vya titani kama ilivyo desturi siku hizi, havivutwi na sumaku ya MRI.

Waliposema picha ni safi walisema kweli. Ila picha hiyo ilijibu swali moja tu: uvimbe upo au haupo? Haikuulizwa kama unachoka saa nne. Nikiri kwamba miaka yangu ya mwanzo mimi mwenyewe nilikuwa nikifunga faili na kumwambia mgonjwa, “Picha safi, mama, nenda kaendelee na maisha.” Baadhi yao walirudi baada ya miezi wakiwa wameacha kazi, wamegombana na nyumba nzima, wakidhani wanapata wazimu. Hakuna aliyewaambia kwamba ubongo uliosukumwa na uvimbe kwa miaka, ukafunguliwa, ukavimba, ukashonwa, huchukua muda kupanga upya shughuli zake. Kasi kubwa ya kupona huwa miezi mitatu hadi sita ya kwanza, halafu inapungua, lakini haisimami. Watu wengi huendelea kupata nafuu mwaka mzima na zaidi. Wewe uko mwezi wa tano.

Kazi iliyo mbele yetu ni kuuliza kila dalili: wewe ni wa nani? Kuna zinazotoka kwenye ubongo unaopona, kuna za dawa, kuna za usingizi, kuna za damu pungufu ambayo ungekuwa nayo hata kama usingepasuliwa. Zikichanganywa zote zikaitwa “bado unapona”, zile zinazotibika kesho zitakaa na wewe mwaka mzima.

Tuanze na uchovu, maana ndio unaokuumiza zaidi. Kabla hatujausingizia ubongo, pima vitu vya kawaida: wingi wa damu, sukari, chumvi ya sodiamu, na homoni ya tezi ya shingo. Ukiona kizunguzungu ukisimama, kichefuchefu asubuhi, na unyonge ulioanza baada ya kuacha deksa (deksamethasoni), omba pia kipimo cha homoni ya kotisoli asubuhi, kwa sababu dawa ile ikitumika wiki nyingi huzilaza tezi zilizo juu ya figo, na kuziamsha si kazi ya siku moja. Nimewahi kumhangaikia fundi cherehani mmoja aliyelalamika kusahau na kuchoka. Nikaandika vipimo vya gharama. Mke wake ndiye aliyetegua kitendawili: alikuwa akimeza deksa yake usiku ili asisahau, na halali mpaka alfajiri. Tulihamishia asubuhi. Vipimo havikuhitajika.

Vipimo vyako vikiwa sawa, basi huu ni uchovu wa ubongo wenyewe, na una tabia yake. Ubongo una uzito wa takribani asilimia 2 ya mwili, lakini unakula kama asilimia 20 ya nishati yake ukiwa umekaa tu. Uliojeruhiwa hutumia nguvu nyingi zaidi kwa kazi ile ile. Jambo ulilokuwa ukilifanya huku unafikiria lingine, sasa linahitaji ulisimamie. Ndiyo maana kulala mchana kutwa hakuuondoi, na kujikaza hakuuondoi pia.

Wewe ni mwalimu, unajua kuishi na mshahara unaotaka kuisha tarehe kumi. Nguvu zako za siku zichukulie hivyo. Tatizo la wagonjwa wangu wengi ni kwamba siku wakiamka vizuri wanatumia zote: wanafua, wanafagia, wanapokea wageni, wanajibu salamu za watu ishirini. Kesho yake na keshokutwa wako kitandani, wanalipa deni na riba. Siku ya nne wanaamka vizuri, wanarudia. Baada ya mwezi hawajasogea.

Chukua daftari, wiki mbili tu. Kila baada ya saa mbili andika ulichofanya na nguvu zako kwa alama, kutoka sifuri hadi kumi. Utashangaa. Watu hudhani kinachowachosha ni kufua, kumbe ni mazungumzo ya watu watatu kwa pamoja huku redio ikilia. Ukishajua saa yako ya kuanguka, na wewe umeshasema ni saa nne, pumzika saa tatu na nusu. Kabla. Hapo ndipo wengi wanapokosea, wanasubiri waanguke kwanza. Dakika ishirini au thelathini, chumba chenye giza kidogo, simu iwe chumba kingine. Kuperuzi simu si kupumzika, ubongo unasoma, unasikiliza, unahukumu.

Na utembee. Inasikika kama kejeli kumwambia aliyechoka atembee, lakini mwendo wa kila siku ni miongoni mwa vitu vichache vinavyosaidia kweli. Dakika kumi asubuhi jua halijawa kali, uwe na mtu, uongeze dakika mbili tatu kila wiki. Siku mbaya usiache kabisa, punguza. Siku nzuri usiongeze kwa furaha.

Maneno. Kinachotokea si kwamba umesahau Kiswahili. Neno liko kabatini, kitasa ndicho kinakwama. Likija kwa Kiluguru, liseme kwa Kiluguru, usilizuie kwa aibu. Mara nyingi likishatoka kwa lugha moja hulivuta la lugha nyingine. Lisipokuja kabisa, lizunguke: “kile cha kufutia ubao”. Waombe wa nyumbani wasikuwahishie neno kabla ya wewe kuhangaika kidogo, wakupe kama sekunde kumi, na wasikuache ukihangaika dakika nzima pia. Soma kwa sauti kila siku, ukurasa mmoja, wasomee watoto. Kama kwenye hospitali ya rufaa iliyo karibu nawe kuna mtaalamu wa tiba ya usemi, omba rufaa. Hawako wengi nchini, lakini kwa mtu anayeishi kwa kuongea hata vikao vichache vina faida. Kumbuka pia kwamba maneno hupotea zaidi ukichoka. Mwalimu asiye na maneno saa sita huenda angekuwa nayo saa mbili.

Kelele zinakupiga kwa sababu hiyo hiyo. Ubongo wenye afya una chujio. Unasikia darasa zima lakini unaruhusu sauti ya Asha peke yake ipite. Chujio lako kwa sasa linavuja. Tumia pamba au vizibo vya masikio kwenye sherehe na sokoni, ila usivae kutwa nzima nyumbani, maana sikio lililozibwa muda wote huzidi kuwa jepesi kukereka. Lirudishe kidogo kidogo.

Nije kwenye hasira, kwa sababu hapa ndipo mambo yako yanapofungamana. Sehemu ya mbele ya ubongo ndiyo yenye breki, na wewe umepasuliwa mbele. Lakini levetirasetamu nayo inajulikana kwa hili hili. Hasira, kukereka haraka na huzuni vimo katika orodha ya madhara yake, pamoja na usingizi na uchovu. Angalia tarehe: hasira ilikuwepo kabla ya dawa? Ilizidi baada ya dozi kupandishwa? Hiyo ndiyo itakayotuonyesha mwenyewe ni nani. Na ukiona mawazo ya kutotaka kuishi, usisubiri tarehe wala simu, mwambie mume wako siku hiyo hiyo na mwende hospitali.

Sasa tazama mtego. Ukienda kliniki ukamweleza daktari habari ya kidole peke yake, kuna uwezekano mkubwa ataongeza levetirasetamu. Hasira itapanda, nyumba itawaka moto. Ukimweleza hasira peke yake, anaweza kuipunguza, na kidole kitacheza tena. Mwambie vyote viwili kwa pumzi moja. Akiamua kukubadilishia dawa, atakuingizia mpya huku akikutolea ya zamani taratibu. Wewe usiiache kwa uamuzi wako hata siku moja. Kuacha dawa ya kifafa ghafla ndiyo njia fupi ya kuanguka barabarani.

Na akikubadilishia, mkumbushe habari ya uzazi wa mpango. Karbamazepini na fenitoini, ambazo ni za bei nafuu na hupatikana kwa urahisi, hulifanya ini lisage homoni haraka, hivyo vidonge vya uzazi wa mpango na vipandikizi vinaweza kushindwa kazi. Valproeti ina hatari kubwa kwa mimba, kwa mwanamke anayeweza kupata ujauzito tunaiepuka pale inapowezekana. Levetirasetamu haina ugomvi huo.

Hapo tumefika kwenye sindano. Ndiyo, ulichosikia kina msingi. Mwaka 2024 ulichapishwa utafiti mkubwa wa Ufaransa uliowahusu wanawake waliopasuliwa meninjioma. Uligundua kwamba waliotumia sindano ya medroksiprojesteroni, ambayo ndiyo ile ya miezi mitatu, kwa zaidi ya mwaka mmoja, walikuwa na uwezekano mkubwa wa kufikia kupasuliwa, kama mara tano na nusu ya wasioitumia. Meninjioma nyingi zina vipokezi vya homoni ya projesteroni, ambayo sindano hiyo huiiga, kwa hiyo jambo lenyewe si la ajabu. Ila naomba usiende kuwatisha wenzako kwenye foleni ya kliniki ya mama. Ugonjwa huu ni nadra, na mara tano ya kitu nadra bado ni nadra. Mimba isiyotarajiwa na uzazi wa karibu karibu vina hatari zake. Meninjioma huwapata pia wanawake wasiowahi kuchoma sindano hata moja, na wanaume. Siwezi kukuambia yako ilitoka hapo. Ninachoweza kukuambia ni kwamba wewe, uliyekwisha kuwa nayo, usirudi kwenye sindano hiyo. Mamlaka ya dawa ya Ulaya ilishauri hivyo mwaka huo huo. Kitanzi cha shaba hakina homoni yoyote na hakigombani na dawa ya kifafa. Zungumza na muuguzi wa uzazi wa mpango ukiwa na karatasi yako ya hospitali mkononi.

Deksa usinunue. Najua inauzwa kirahisi, na najua mtaani wengine wanaimeza wanenepe. Ilikupa nguvu kwa sababu ilikuwa ikishusha uvimbe wa maji uliouzunguka ubongo, na pia kwa sababu ina tabia ya kumchangamsha mtu kwa mkopo. Ukiendelea nayo inapandisha sukari na presha, inavimbisha uso, inakula misuli ya mapaja mpaka kuinuka kwenye choo cha kuchuchumaa kunakuwa mtihani, na inaficha homa ya maambukizi. Kama umeshaanza kuinunua, hapo pia usiache ghafla; sema ukweli kliniki, hakuna atakayekufokea, na kama yupo atakayekufokea, msamehe na umwambie hivyo hivyo.

Kichwa chenyewe hakinitii hofu sana. Ganzi ni ya mishipa midogo ya fahamu ya ngozi iliyokatwa. Itapungua kutoka pembeni kuelekea katikati, ikiambatana na mwasho na hisia ya sisimizi, na kipande kidogo kinaweza kubaki hivyo moja kwa moja. “Tik” ni kipande cha mfupa kilichorudishwa kikicheza kidogo sana kabla hakijashikana, au msuli wa kutafunia uliofunguliwa na kushonwa. Kama hakiumi na ngozi ya juu haijavimba wala kubonyea ghafla, mwambie daktari wako tu akiguse siku ya kliniki. Lakini ndoo ya maji kichwani, bado. Wala mzigo wowote kichwani mpaka aliyekupasua aseme.

Maumivu ya kila siku ndiyo yananifanya niulize idadi ya vidonge. Panadol au diklofenaki zikimezwa siku 15 au zaidi kwa mwezi, kwa miezi kadhaa, huanza zenyewe kuleta maumivu ya kichwa, na mtu anaongeza, yanaongezeka. Zihesabu kwenye daftari lile lile. Tramadoli usiiguse, inashusha kizingiti cha kifafa. Siprofloksasini, ambayo huandikwa sana kwa UTI na taifodi, nayo ina tabia hiyo, hivyo kila anayekuandikia dawa mwambie kwanza umepasuliwa ubongo na unatumia dawa ya kifafa.

Maumivu yanayokuamsha alfajiri na kutapika, yanayozidi wiki hadi wiki, hayo ni mengine. Maji maangavu yasiyo na rangi yanayotoka kwenye kovu au puani, shingo kukakamaa, usaha, kuona mawili mawili, mguu mmoja kuvimba na kuuma kwenye kigimbi: nenda siku hiyo. Na homa. Kwetu homa ni malaria mpaka ithibitike vinginevyo. Wewe pima MRDT, kile kipimo cha haraka cha malaria, kama kawaida, lakini majibu yakiwa hasi usikubali kurudishwa nyumbani na dawa mseto. Waambie waangalie kovu.

Kuhusu mama mkwe: bandeji ikishatoka, huruma nayo hutoka, na nywele zikiota watu wanaona mtu mzima. Sikushauri ubishane naye. Mchukue mume wako kliniki, daktari amweleze yeye, naye akamweleze mama yake. Maneno ya mtoto wake atayasikia tofauti na ya mkwe. Wanao pia waambie, kwa lugha yao, kwamba mama ana dawa inayomfanya akasirike haraka na daktari anaishughulikia. Watoto hudhani kosa ni lao.

Januari unaweza, kama kidole kimetulia na dawa imepangwa. Usirudi na ratiba kamili. Omba barua ya kazi nyepesi kutoka kwa daktari, umpelekee mkuu wa shule kabla shule hazijafungwa, maana ratiba hupangwa mapema. Vipindi viwili kwa siku, vya asubuhi, visifuatane, mwezi wa kwanza. Fundisha umekaa. Maneno magumu ya somo yaandike kwenye manila usiku uliotangulia, likikupotea unalionyesha kwa fimbo na hakuna mwanafunzi atakayejua. Zamu ya wiki na usimamizi wa bweni waombe wenzako wakubebee kwa muhula mmoja. Kukesha ndiko ninakokuogopa kuliko kufundisha. Mvua ikipiga bati na darasa lina watoto sabini, wape kazi ya kuandika. Ukiona baada ya wiki sita unamudu, ongeza kipindi kimoja. Usipomudu, haijaharibika, rudi nyuma kipindi kimoja ujaribu tena baada ya Pasaka.

Ukiniuliza kama utakuwa yule yule wa mwaka jana, sitakuahidi. Wengi wa walio na gredi 1 wanarudi kazini na kulea watoto wao. Baadhi hubaki na kitu kidogo, labda hawapendi tena kelele, au wanaandika kila kitu kwenye daftari ambacho zamani walikishika kichwani.

Na harusi. Suka, lakini si rasta ndefu nzito, na asikaze. Mwambie msusi asipitishe mstari juu ya kovu wala asivute nywele za pembeni yake. Hiyo ngozi yenye ganzi haitakuambia kama inachanika. Dawa ya kulainisha nywele iache kwanza, vivyo hivyo kitana cha moto. Kama nywele upande huo bado fupi, kilemba chepesi cha kitenge kitakaa vizuri kuliko wigi lenye kubana. Lala mchana ule, meza dawa yako ya jioni kabla ya kuvaa, pombe usionje. Kaa meza ya mbali na spika, piga picha na bibi harusi mapema, na saa tatu usiku mume wako awe ameshaita bajaji.